Siku Nilipoketi Mkekani na Kamera

Simu iliita Jumatatu asubuhi, siku tisa baada ya mazishi. Aliyepiga ni mtoto wa marehemu, yule anayeishi Dar es Salaam, ndiye aliyenilipa nipige video ya msiba ule. Alinisalimia vizuri, akaulizia mvua, akaulizia barabara ya Uyole kushuka Kiwira kama imekauka. Halafu akasema: "Dada yangu, video tumeiona. Sauti inasikika, watu wote wapo. Ila mama yangu, mbona umempiga picha kama mtuhumiwa?"

Sikumwelewa. Wakati wa kuediti nilikuwa nimeitazama video ile mwanzo hadi mwisho zaidi ya mara tatu, sikuona tatizo. Nilimwomba anipe siku moja. Nikarudi studio pale Mwanjelwa, Mbeya, nikaifungua tena, safari hii nikazima sauti kabisa. Bila kwaya na bila vilio nikaona alichokiona yeye.

Mama mjane ameketi mkekani chini ya turubai, kanga kichwani, wanawake wamemzunguka. Mimi nimesimama. Kamera ipo kwenye stendi, juu ya kiuno changu, inamtazama kwa kumwinamia. Paji la uso ndilo linalojaza picha, macho yamezama kwenye kivuli cha nyusi, mabega yamekuwa madogo kama ya mtoto. Kila anapoinua uso kupokea mkono wa pole, anaonekana kama mtu aliyeulizwa swali na hana jibu. Kuna mahali nimevuta lenzi mpaka machozi yakajaa kioo. Mwenyewe hajui kama anaonekana kwa karibu kiasi kile. Nilikuwa nimemchungulia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mwanamke. Nimekaa kwenye mikeka ya misiba tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Ningefika pale bila kamera, ningevua viatu mlangoni, ningejongea nikiwa nimeinama, ningeketi, ndipo ningempa mama yule mkono, macho yangu yakiwa sawa na yake. Siku ile kwa sababu nilikuwa na kamera, nilisimama juu yake dakika arobaini.

Kazi hii nilianza kuifanya mwaka 2013, chini ya kaka mmoja mwenye studio ya harusi na sendofu. Namshukuru kwa mengi, maana alinipokea nikiwa sijui hata kubadili lenzi, lakini kwake engo nzuri, yaani mahali kamera inapotazamia, ilikuwa moja tu: ile inayoingiza watu wengi. Kamera inyanyuke juu, kila aliyechangia aonekane, tusije tukadaiwa. Kwa ukumbi wenye wageni mia tatu ana haki. Ila nilikuwa naibeba engo hiyo kila mahali, hata kwenye mkeka wa mfiwa.

Ukisoma mafunzo ya upigaji picha za filamu utaambiwa kuwa kamera ikiwa juu ya mtu inamdogosha, ikiwa chini yake inamkuza, na ikiwa usawa wa macho inamfanya mwenzako. Ni kweli kwa kiasi chake. Mimi naona sababu iko kwenye maisha kabla haijafika kwenye kamera. Huku kwetu anayesimama mbele ya waliokaa ni nani? Ni mgambo, ni mwalimu mwenye fimbo, ni mtu aliyekuja kudai deni. Binti akimkuta mzee barazani anachuchumaa kwanza, ndipo anasalimia. Mtazamaji wa Rungwe au wa Njombe amelelewa hivyo, na jicho lake linajua adabu hata kama mdomo wake haujui neno lolote la ufundi wa kamera. Mama anayemwinamia mtoto aliyelala naye anatazama kutoka juu, na hakuna anayesema amemdharau. Kwa hiyo mimi siku hizi sijiulizi engo hii ina maana gani. Najiuliza, katika maisha ya hapa, ni nani husimama mahali ninapotaka kuiweka kamera.

Nilitafuta namna ya kuirekebisha video ile, maana mazishi hayarudiwi. Katika kupekua nikakuta kipande ambacho nilikuwa nimekitupa. Wakati fulani niliitwa kunawa mikono, nikaiweka kamera juu ya kibenchi kifupi cha jikoni bila kuizima. Imelala upande kidogo. Kwa dakika mbili na ushee inaonesha mkeka ukianzia karibu kabisa na lenzi, vidole vya miguu vya mtu, sahani ya michango, halafu mama mjane akiwa umbali wa kama mita moja na nusu, uso wake usawa wa picha. Mwanamke mzee anakuja, anaketi, haongei. Anachukua mkono wa mfiwa anauweka mapajani mwake. Wanakaa hivyo. Mama anapumua mara moja kwa nguvu, kisha anaangalia mlangoni, kule jeneza lilikotokea.

Niliondoa vipande vyote vya kuchungulia, kile cha kwenye benchi nikakiweka chote bila kukikata. Nilipomtumia, kijana yule alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Huyu ndiye mama."

Kipande kile kilinifundisha jambo jingine kuhusu kuvuta na kusogea. Kuvuta kwa lenzi kunakuza sura, lakini hakuleti ukaribu. Ukisimama mita sita ukavuta, uso unakuja bapa, na watu walio nyuma wanaonekana kama wamebandikwa mgongoni kwake. Ukisogea mwenyewe mpaka mita moja na nusu, pua inakuwa mbele, masikio yanarudi nyuma, mkeka unaanzia magotini pako, na mtazamaji anahisi mwili wake nao umekaa pale. Kinachobadilisha umbo la uso ni umbali wa kamera kutoka kwa mtu. Na ukiwa mita moja na nusu, mtu anakuona. Akitaka kuficha uso anaficha. Kwangu hilo ni jambo la heshima kabla ya kuwa jambo la ufundi.

Baada ya hapo nilianza kutazama filamu kwa njaa nyingine. Nilikulia kwenye kibanda umiza, kile cha kuoneshea video mtaani, ambako sauti ya mtafsiri ilifunika kila kitu na sisi watoto tulisubiri ngumi tu. Sasa nikawa nazima sauti. Filamu iliyonifungua macho kuliko zote ni ya Marekani, ya mwaka 1957, inaitwa 12 Angry Men. Iliongozwa na Sidney Lumet, na picha zake zilipigwa na Boris Kaufman. Karibu yote inapita ndani ya chumba kimoja: raia kumi na wawili wamefungiwa kuamua kama kijana aliyeshtakiwa kwa mauaji ana hatia. Unajiuliza inawezekanaje watu kukaa kwenye meza moja zaidi ya saa nzima nawe usichoke. Lumet alieleza mwenyewe namna walivyofanya. Theluthi ya kwanza kamera iko juu ya usawa wa macho. Theluthi ya pili imeshuka usawa wa macho. Ya mwisho iko chini ya macho, mpaka dari linaanza kuonekana. Na kadiri hadithi inavyosonga, lenzi zinazidi kuwa ndefu, zile zinazoona eneo dogo, kuta za nyuma zinasogea, chumba kinabana. Hakuna aliyejenga ukuta mpya. Wanapotoka nje mwishoni ndipo lenzi pana inarudi, nawe unajikuta unavuta pumzi.

Mwaka 2017 tulitengeneza filamu fupi, vijana watano, kwa pesa zetu. Ilihusu kikao cha ukoo juu ya shamba la chai lililoachwa bila wosia. Tuliazima sebule ya mtu kule Uyole: makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo, dirisha moja. Nilikuwa na lenzi mbili tu, ile ya milimita 18-55 inayokuja na kamera na moja ya milimita 50; namba ikiwa ndogo, lenzi inaona pana zaidi. Nikaigawa hadithi mara tatu kama nilivyoelezwa na filamu ile. Wakati ndugu wanakunywa chai na kuulizana habari za watoto, nilisimama mlangoni na lenzi ya 18, sebule yote inaonekana, kuna nafasi kati ya mtu na mtu. Baba mdogo alipotoa karatasi ya mauziano, nikaketi. Shangazi alipoanza kusema yale ambayo ukoo haukutaka yasemwe, nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, na lenzi ya 50, na kila uso nyuma yake kuna bega la mtu mwingine.

Mwenye kibanda umiza mmoja alitupa nusu saa kabla ya mechi ya jioni. Watu walikuwa wamekuja kwa ajili ya mpira, na niliogopa sana. Dakika za kwanza walikuwa wanaongea. Ilipofika karatasi ya mauziano wakanyamaza. Tulipomaliza, mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alisema, "Pale shangazi anaongea, nilitaka mtu afungue dirisha." Hakuna aliyemwambia habari za lenzi. Usiku ule nilichelewa sana kupata usingizi kwa furaha.

Kuhusu mwanga nimehangaika kuliko kitu kingine chochote, na hapa nina uchungu kidogo. Miaka yangu ya mwanzo bibi harusi wangu walikuwa wanapotea. Shela jeupe linang'aa, uso hauonekani, yamebaki meno na hereni. Nilidhani ni mkono wangu mbaya. Kumbe kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kuamini kwamba picha yoyote, ukiichanganya yote pamoja, itatoa kijivu cha katikati, kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Mbele ya shela kubwa jeupe kamera inashtuka, inapunguza mwanga wa picha nzima, na mwenye ngozi nyeusi ndiye anayelipa. Baadaye nikasoma kuwa zamani, enzi za filamu za mkanda, maabara za picha zilipimia rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, kazi imekubalika. Nyuso kama ya mama yangu hazikuwa kwenye kipimo. Nilipojua hilo niliacha kumwomba bibi harusi apakwe poda ya kumng'arisha. Nikabadilisha mimi.

Dawa ya wengi ni taa ya kichwani mwa kamera. Naipinga, na nitaendelea kuipinga. Taa ile inampiga mtu usoni moja kwa moja, paji linawaka, mashavu yanakuwa sahani. Tena mwanga hupungua haraka mno: taa ikiwa mita moja kutoka kwa mtu, ukiisogeza ifike mita mbili inabaki robo tu ya mwanga wake. Ndiyo maana bibi harusi anaungua na wazazi wake waliokaa nyuma wanazama gizani. Familia inacheza kwa furaha, lakini ukitazama video unaona watu waliomulikwa na tochi usiku.

Aliyenionesha njia ni bibi yangu, bila kujua. Nilikwenda kumsalimia Tukuyu wakati wa mvua. Alikuwa ameketi kwenye mlango wa jiko anachambua maharage kwenye ungo. Nje kuna wingu zito, lile la Rungwe linaloweza kukaa wiki nzima, na wingu ni taa kubwa kuliko zote, maana mwanga unatoka kila upande wa anga na kivuli chake ni laini. Ndani ya jiko giza tupu. Mwanga uliingia kwa upande mmoja wa uso wake, ukapita juu ya mfupa wa shavu, ukateleza, ukaishia kwenye mkunjo wa mdomo. Ngozi nyeusi inaoneshwa na mng'ao wake. Haihitaji kumwagiwa mwanga mwingi. Inataka mwanga mpana, kutoka pembeni, wenye mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia. Nilimpiga picha kwa dakika kumi naye anachambua tu. Aliniuliza mara moja, "Unatafuta nini usoni kwangu?" Nikamwambia nimeshapata.

Tangu hapo bibi harusi namwomba akae karibu na dirisha la saluni, nyuma yangu msaidizi ameshika shuka jeupe la kitanda kurudisha mwanga kidogo upande wa kivuli. Gharama yake ni shuka. Napima mwanga usoni, shela likizidi kidogo na lizidi.

Na hapa niseme jambo kwa wanaojifunza kupitia video za nje. Wenzetu wa kaskazini ya mbali wanazungumzia jua la jioni la dhahabu kama kitu cha saa nzima na zaidi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima. Mwezi wa saba Mbeya jua linazama kwenye saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, na ule mwanga mzuri ukiuchezea umekwisha. Panga waigizaji mapema. Na umeme wetu ni wa hetsi 50, wa Marekani ni 60; ukifuata namba zao za shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, ukumbini chini ya taa za umeme, mistari itatembea ukutani. Weka moja ya hamsini au moja ya mia ya sekunde.

Rangi nayo ilinipa somo, tena kwenye ile ile filamu ya shamba. Tulitaka mwanzo wake uwe wa huzuni: mama anachuma chai alfajiri siku ya pili baada ya kuzika. Tuliondoka Mbeya gizani, tukafika mashambani kabla ya jua, ukungu umelala juu ya michai, baridi ya Julai inauma vidole. Kwa macho kila kitu kilikuwa cha bluu: majani, kapu, pumzi ya mama yule. Nilipofika nyumbani na kufungua kompyuta, bluu haikuwepo. Ilikuwa kama saa nne asubuhi mahali popote. Nilikuwa nimeiacha kamera ichague rangi yenyewe, nayo kazi yake ni kuhakikisha cheupe kinabaki cheupe. Iliona bluu ikadhani ni kosa, ikaisafisha. Baridi yote tuliyoifuata tangu saa tisa usiku ilifutwa kwa wema.

Tulirudi wiki iliyofuata. Safari hii nikaifungia kamera kwenye kelvini 4,300, kipimo cha rangi ya mwanga, chini ya mwanga wa mchana ambao ni kama 5,500, na bluu ikabaki. Mama alipofika nyumbani na kukaa kwenye moto wa kuni, ambao uko chini kabisa, kwenye 2,000 hivi, sikugusa kitu. Moto ukaja na rangi yake nzito ya chungwa, nyuma yake mlango bado una bluu ya asubuhi. Hakuna neno lililosemwa kwenye sini hiyo. Huku kwetu kila mtu anajua maana ya kutoka kwenye ukungu ukakuta moto umewashwa, na anajua zaidi maana ya kukuta ameuwasha jirani.

Mwaka mmoja baada ya msiba ule wa Kiwira, kijana wa Dar alinipigia tena. Wanajengea kaburi la baba, kutakuwa na ibada na chakula kidogo, naomba uje wewe. Nilifika mapema, nikaacha stendi kwenye gari. Mama alikuwa uani, kwenye mkeka, yeye na wanawake watatu, wanamenya ndizi. Nilivua viatu, nikachuchumaa nikasalimia, nikaketi. Nilikuwa na lenzi ya 50 peke yake. Sikuitoa kamera kwenye mfuko. Nilichukua kisu nikamenya nao.

Nilipoona mwanga umeingia vizuri chini ya migomba nikamuuliza kama naweza kuanza. Akanitazama, akaangalia nilipokaa.

"Sogea huku mwanangu, hapo jua litakuchoma."

Nikamwambia ndaga, mama, yaani asante kwa Kinyakyusa. Nikasogea mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, kamera nikaiweka juu ya ungo uliogeuzwa, nikabonyeza.